Kichwa Hakiliwi: Historia ya Viazi vya Porini Vinavyopita Tunduma

Kwenye mashamba ya viazi vikuu kuna kanuni moja ambayo wakulima hawahitaji kuiandika: kichwa hakiliwi. Ukishachimba kiazi, ile sehemu ya juu inayoshikana na shina unaikata, unaiweka pembeni, kisha msimu ukifika unairudisha ardhini. Ndiyo mbegu. Kinachobaki ndicho kinachoingia chunguni. Anayekula mpaka kichwa amekula chakula cha mwakani, na hata mtoto wa mkulima analijua hilo.

Nimeanza na kanuni hiyo kwa sababu nataka kuzungumza nawe, msomaji, juu ya kiazi kingine kabisa. Hiki ni kidogo, mara nyingine hakizidi kidole gumba. Hakilimwi na mtu. Kinapita Tunduma kuelekea Zambia kwenye ndoo na magunia, na hakuna kichwa kinachorudi popote. Kinaitwa chikanda. Sisi waandishi wa habari tumezoea kuiandika Tunduma kwa lugha ya malori, foleni na ushuru, na ni sawa, hiyo ndiyo Tunduma inayoonekana ukiwa barabarani. Ila ukiisoma historia ya mpaka huu kupitia sufuria, unakutana na kisa kingine, na kwa maoni yangu ndicho kinachoeleza vizuri zaidi mstari wa mpaka umewafanyia nini watu na ardhi yao.

Kiazi gani unachokisema?

Wataje "kiazi" mbele ya Watanzania watatu, uone. Wa Umalila ataona kiazi mviringo, kile cha chipsi. Wa Shinyanga ataona kiazi kitamu, kile kinachokatwa na kuanikwa kikawa michembe. Wa Pemba anaweza kuona kiazi kikuu. Na ukienda Rungwe watakuuliza kama hukumaanisha magimbi.

Kiazi kikuu ni cha jamii ya Dioscorea, mmea unaotambaa na kupanda mti au kijiti ulichousimikia. Magimbi ni jamii nyingine, yale yenye majani mapana kama masikio ya tembo, ingawa jikoni vyote viwili hukutana sufuria moja. Kile kiazi kikuu cha pwani, chenye nyama nyeupe au ya zambarau, asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki. Kilivuka Bahari ya Hindi kama zilivyovuka ndizi. Tarehe ya safari hiyo inawasumbua wanahistoria kwa sababu moja rahisi: kiazi kinaoza. Punje ya mtama ikiungua inaweza kukaa udongoni miaka elfu ikimsubiri mchimbaji wa mambo ya kale. Kiazi hakisubiri mtu. Ndiyo maana historia ya vyakula vya mizizi lazima itafutwe kwingine, kwenye majina yake katika lugha za watu, kwenye desturi za kupanda, na kwenye mapishi.

Mapishi nayo yanasema mengi. Mwezi wa Ramadhani, pwani na visiwani, futari bila kitu cha mizizi ni futari pungufu. Kiazi kikuu kinamenywa, na ute wake unawawasha wengine mikono, kinakatwa vipande vinene, kinachemshwa na chumvi kwenye tui jepesi hadi kilainike, halafu tui zito linamwagwa mwishoni na moto unapunguzwa lisikatike. Wapo wanaotia sukari na iliki, wapo wanaotia samaki. Chakula kilichokuja na bahari kimepikwa kwa nazi ya pwani hadi hakuna anayekumbuka kwamba kiliwahi kuwa mgeni.

Afrika Magharibi wana viazi vikuu vya kwao, vya asili ya bara hilihili, na huko kiazi ni heshima ya mtu. Wengi wetu tulikutana nacho kwenye riwaya ya Chinua Achebe ya mwaka 1958, ile iliyoingia kwenye Kiswahili kwa jina la Shujaa Okonkwo. Mle ndani mwanamume anapimwa kwa ghala lake la viazi, kuna sikukuu ya viazi vipya, na kuna wiki nzima ya amani kabla ya kupanda. Niliposoma mara ya kwanza niliona ni mapambo ya hadithi. Sasa naona ni sheria za uzalishaji zilizovalishwa nguo za ibada. Jamii iliyoweka sikukuu kwa ajili ya kiazi imejiwekea pia kalenda ya lini kuchimba na lini kuacha.

Akiba ya porini

Mbali na viazi vya shamba, nchi yetu ina viazi vya porini, na hivyo ndivyo vilivyokuwa akiba mvua zilipokataa. Mtwara na Lindi wana ming'oko, jamaa wa kiazi kikuu anayeota mwenyewe msituni. Unachimbwa, unachemshwa na chumvi, unauzwa njiani, na mtu wa kusini aliyeko Dar es Salaam akiuona anaweza kusahau alikokuwa anakwenda. Kuna pia ndiga, ambao si wa mchezo. Ndiga una sumu. Lazima ukatwe vipande vyembamba na kulowekwa siku kadhaa, ikiwezekana kwenye maji yanayotiririka, ndipo upikwe. Mtu haanzi kula ndiga kwa kupenda, anaukumbuka njaa inapobisha hodi.

Na njaa imebisha mara nyingi. Baada ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, Wajerumani walipochoma mashamba na maghala ya kusini ili kuwavunja watu nguvu, ilifuata njaa ambayo wazee waliiita Fugufugu. Walionusurika, wengi walinusurika kwa mizizi ya porini. Aliyejua mmea upi unaliwa, upi unaua, na ule unaoua unalowekwa vipi mpaka uache kuua, alikuwa ameshika uhai wa ukoo mzima. Mara nyingi elimu hiyo ilikuwa mikononi mwa wanawake.

Angalia jambo moja kuhusu ming'oko na ndiga. Kwa sehemu kubwa, aliyechimba ndiye aliyekula, au alimlisha mtu anayemfahamu. Alilijua shimo. Kama mwaka huu amemaliza mizizi ya bonde moja, mwakani ni yeye atakayelikuta bonde tupu. Hakuhitaji bwana misitu wa kumkumbusha. Chakula na ardhi kilikotoka vilikuwa mbele ya macho ya mtu yuleyule.

Chikanda nayo, kwa asili, ni ya ukoo huu wa vyakula vya porini. Ila mambo yake yaligeuka.

Bakuli la Chapwa

Chapwa ni kata mojawapo ya mji wa Tunduma. Siku niliyokula chikanda kwa mara ya kwanza nilikuwa pale nikifuatilia bei ya mahindi. Mama mmoja alikuwa amekaa na bakuli lililofunikwa kitambaa, ndani yake vipande vya kahawia vilivyokatwa kama mkate, vyenye kung'aa kidogo.

"Shikamoo mama. Hii ni keki?"

"Marahaba mwanangu. Keki ya wapi? Chikanda hiyo. Kula kwanza, utauliza baadaye."

Nikala. Ukiingiza jino, linakutana na kitu kati ya soseji na ugali wa moto uliopoa: kinavutika kidogo, kinakatika, halafu karanga zinakuja, na nyuma yake pilipili. Nikaelewa kwa nini Zambia chakula hiki wanakifananisha na ile nyama ya kusaga inayouzwa mabuchani ikiwa imeviringishwa, ingawa hakina nyama hata chembe.

Basi nikauliza. Viazi vya chikanda vinaoshwa, vinaanikwa mpaka vikauke kabisa, vinatwangwa kwenye kinu na kuchekechwa. Karanga nazo zinatwangwa zikawa unga. Maji yanachemshwa na unga wa karanga, chumvi na pilipili ya kutosha. Kisha unga wa chikanda unamiminwa kidogokidogo huku mwiko ukizunguka, na hapo hakuna kusimama, maana ukizubaa linapata madonge. Inatiwa soda ya kuokea kidogo, ambapo zamani walitumia maji ya majivu yaliyochujwa. Uji unaanza kukaza na kuvutika. Sufuria inafunikwa, makaa yanawekwa juu ya mfuniko ili ioke kutoka pande zote mbili, halafu inaachwa ipoe na kuganda. Ndipo inakatwa.

Kinachoigandisha ni aina ya wanga iitwayo glukomanani, iliyojaa ndani ya viazi hivyo. Na hapa kuna jambo la kufurahisha kwa mpenzi wa historia: karanga na pilipili asili yake ni Amerika, zilifika Afrika kwa meli za Wareno. Kwa hiyo chikanda kama tunavyoijua leo, ile ya karanga na pilipili, haiwezi kuwa ya tangu zama na zama. Ni chakula kilichobadilika pamoja na wapishi wake.

Nilimuuliza mama yule kama anaujua mmea wenyewe ukiwa na maua. Akacheka. Yeye ananunua viazi vikiwa vimeshachimbwa, kwa kopo. Vinatoka kule juu, akaonyesha kwa mkono upande wa milimani. Maua hajawahi kuyaona.

Mstari uliochorwa kwa ajili ya barabara

Chikanda inahusishwa zaidi na Wabemba wa kaskazini mwa Zambia, ingawa majirani zao pia wanaila, na kuna mahali inaitwa kinaka. Tunduma ni nchi ya Wanyamwanga, na Wanyamwanga wako huku na wako Nakonde, upande wa pili wa barabara. Wana mashamba huku na mashemeji kule. Kwa nini basi tuna "chakula cha Wazambia" na "ardhi ya Watanzania"?

Jibu liko kwenye mkataba wa Julai 1890 kati ya Uingereza na Ujerumani. Ni mkataba uleule uliowapa Wajerumani kisiwa cha Heligoland na kuiacha Zanzibar chini ya Waingereza. Katikati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika palikuwa na kitu ambacho Waingereza hawakutaka kukipoteza: Barabara ya Stevenson, njia iliyoanzishwa miaka ya 1880 kwa fedha za mfanyabiashara wa Glasgow, James Stevenson, ili kuyaunganisha maziwa hayo mawili. Mstari ukapitishwa kwa namna ambayo barabara ile ingebaki kwao. Baadaye wapimaji wakaja na vyombo vyao, na makubaliano ya mwaka 1901 yakaukaza mpaka. Wenyeji hawakuulizwa. Barabara yenyewe ya Stevenson ikafifia na kuachwa, mpaka wake ukabaki.

Hatua ya pili ni shaba. Tangu miaka ya 1920 migodi ya Copperbelt ilianza kuvuta wanaume kutoka nchi ya Wabemba kwa maelfu. Mtafiti Audrey Richards, aliyeishi miongoni mwa Wabemba mwanzoni mwa miaka ya 1930 na kutoa kitabu kikubwa juu ya lishe yao mwaka 1939, alionyesha vijiji vilivyobaki na wanawake, na jinsi vyakula vya porini vilivyowavusha kwenye miezi ya njaa. Lakini watu wale hawakwenda migodini mikono mitupu. Walikwenda na lugha yao, ndiyo maana Kibemba kikawa lugha ya mjini Kitwe na Ndola. Walikwenda pia na ladha zao. Chakula cha nyumbani kikapata walaji mjini, watu wenye mshahara, walio mbali na mabonde ya kwao, wanaokitamani hasa kwa sababu wako mbali nayo. Leo chikanda inauzwa mitaani na sokoni, na Lusaka utaikuta hata kwenye hoteli na maduka makubwa. Imekuwa chakula cha taifa.

Hatua ya tatu ni njia. Zambia ilipata uhuru mwaka 1964, na mwaka uliofuata walowezi wa Rhodesia ya Kusini wakajitangazia uhuru wao haramu, njia ya kusini ikawa mtego. Zambia ikageukia Dar es Salaam. Ndipo ikaja barabara kuu ya lami, ndipo likaja reli la TAZARA, kilomita 1,860, lililofunguliwa rasmi mwaka 1976. Vyote viwili vinapita Tunduma. Tukaimba ukombozi, na ulikuwa ukombozi kweli. Ila njia ikishajengwa haichagui mizigo. Shaba iliposhuka kwenda bandarini na mafuta yalipopanda, kiazi kidogo cha porini nacho kikapata usafiri.

Mabonde ya Zambia yalipoanza kuishiwa, wanunuzi wakatazama kaskazini. Huko juu, kwenye nyanda za nyasi za Mbeya, Njombe na Rukwa, mimea hiyo ilikuwa imejaa, na jamii nyingi hazikuwa na desturi ya kuipika. Mwanakijiji aliambiwa kwamba kile alichokuwa anakikanyaga kina bei. Angekataaje? Mahindi yanangoja mvua, mbolea na bei ya serikali. Kiazi hiki kinataka jembe na mgongo tu.

Ukikusanya hatua zote tatu, unaona kilichotokea. Mstari wa 1890 uliwatenga wachimbaji na walaji. Shaba ikawaongeza walaji na kuwapeleka mbali zaidi. Barabara ikawaunganisha tena wote, lakini kwa pesa peke yake. Anayechimba hali, anayekula hajaona shimo, na mama wa Chapwa aliye katikati yao hajaona ua.

Ua lenyewe

Sasa niseme ambalo nimelikawiza. Mmea wa chikanda ni okidi. Ndiyo, lile ua ambalo Ulaya watu wanaliweka dirishani na kuliita jina la kifahari. Za kwetu ni okidi za ardhini, hasa za jenasi za Disa, Satyrium na Habenaria, zinazochomoza kwenye nyasi za milimani mvua zikinyesha, nyekundu, nyeupe, za waridi, za njano.

Mwaka 2003 jarida la Oryx lilichapisha utafiti wa Tim Davenport na Henry Ndangalasi kuhusu biashara hii katika Nyanda za Juu Kusini. Walikadiria kwamba viazi kati ya milioni 2.2 na milioni 4.1 vilikuwa vikitoka Tanzania kwenda Zambia kila mwaka, na kwamba aina zipatazo 85 za okidi zilikuwa hatarini. Chukua kadirio la juu uligawe kwa siku za mwaka: ni viazi zaidi ya 11,000 kwa siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Na kila kiazi ni mmea mmoja.

Hapo ndipo nairudia kanuni ya kichwa. Okidi hizi kwa kawaida zina viazi viwili chini ya shina. Kimoja ni cha zamani, kimesinyaa kwa sababu kimelisha shina na ua la mwaka huu. Cha pili ni kipya, kigumu, kimejaa, na kazi yake ni kuotesha mmea mwakani. Mchimbaji anakitaka hicho cha pili. Kwenye kiazi kikuu unakula mwili unarudisha kichwa. Kwenye chikanda, kinacholiwa ndicho kichwa.

Unaweza kusema: si zipandwe? Watu wanajaribu, lakini okidi ni mmea mgumu. Mbegu yake ni kama vumbi, haina akiba ya chakula ndani, na ili iote lazima ikutane na aina fulani ya kuvu udongoni wa kuilisha. Kutoka mbegu hadi kiazi cha kuuzwa ni suala la miaka. Kwa sasa karibu kila kipande cha chikanda kinachouzwa kimetoka porini.

Hatuko peke yetu kwenye hili. Uturuki wana kinywaji cha moto cha majira ya baridi kiitwacho salep, na aiskrimu inayovutika kama mpira, vyote kwa unga wa viazi vya okidi. Karne ya 18 hata London walikuwa wakiuza kinywaji hicho mitaani. Kilo moja ya unga inaweza kula viazi zaidi ya elfu moja. Uturuki ilifika mahali ikapiga marufuku kuuza viazi hivyo nje ya nchi, ikabaki na kazi ngumu ya kuwazuia walaji wake yenyewe. Kwa hiyo asije mtu akatuambia kwamba hii ni tabia ya njaa ya Kiafrika. Ni ute uleule, na kosa lilelile la sokoni.

Sheria imefika, mazungumzo hayajafika

Serikali haikukaa kimya. Mwaka 2005 ilitangazwa Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, kilomita za mraba 412.9 za nyasi na maua, eneo ambalo wenyeji wanaliita Bustani ya Mungu. Inatajwa kuwa hifadhi ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea, na biashara ya chikanda ilikuwa moja ya sababu. Okidi zote pia ziko kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na Tanzania na Zambia ni wanachama wote wawili. Kuzivusha mpakani bila kibali ni kosa.

Lakini nani anakamatwa? Uchimbaji ni kazi ya watu wa vijijini, wakiwemo wanawake na watoto, na fungu lao kwenye bei ya mwisho ni dogo. Na kiazi kikishatwangwa kikawa unga hakitambuliki kwa macho. Watafiti wamelazimika kupima vinasaba vya vipande vya chikanda ili wajue ni okidi gani ziko ndani. Ofisa wa forodha atafanyaje, na malori yote yale yanayomsubiri?

Mimi nina shaka na hadithi inayomalizika kwa mchimbaji kutiwa pingu. Ardhi iliyo ndani ya hifadhi inaweza kulindwa, na ilindwe. Nje ya hifadhi mambo ni mengine. Kuna jambo moja kwenye mkataba wa CITES ambalo kwenye vichwa vya habari tunalisahau: okidi nyingi, zikiwemo hizi, ziko kwenye orodha yake ya pili, ambayo haipigi marufuku biashara moja kwa moja. Inataka kwanza nchi ithibitishe kwamba kinachotolewa hakimalizi kilichopo. Kwa maneno mengine, inauliza swali lilelile la mkulima wa viazi vikuu: kichwa kimerudi? Kulijibu kunataka watu wahesabu mimea milimani, kujua ni bonde lipi lipumzishwe na kwa miaka mingapi, kukubaliana kwamba hakuna kuchimba kabla mbegu hazijapukutika, na kulifanya hilo pande mbili kwa pamoja. Tangu Oktoba 2019 Tunduma na Nakonde zina kituo cha pamoja cha forodha. Kama maofisa wa nchi mbili wanaweza kukaa jengo moja kukagua lori, wanashindwa nini kukaa meza moja kuhusu ndoo?

Na wapishi wawepo. Chikanda ni urithi, ni utaalamu wa wanawake waliojua kugeuza kitu cha porini, karanga na majivu kuwa chakula cha kukatwa kwa kisu. Sitaki kuishi kwenye dunia ambamo utaalamu huo umekuwa kosa la jinai. Lakini utaalamu wa asili ulikuwa na sehemu mbili, kujua kupika na kujua mmea unapoota, na safari ya kwenda mjini iliibeba sehemu moja tu. Nimesoma mapishi ya chikanda kwenye mitandao, ya akina dada wa Lusaka na wa ughaibuni, na mengi yanaanza hivihivi: chukua vikombe viwili vya unga wa chikanda. Yangeanza mapema zaidi. Yangeanza mlimani, mvua ikinyesha, na mmea mmoja wenye ua la waridi na viazi viwili chini yake, cha mwaka huu na cha mwakani, na mtu amesimama juu yake akiwa na jembe.